Siku Tisa Zilizobaki

Nestory Mhoja aliingia asubuhi ile bila kupiga hodi, na Hadiya alipomwona tu alijua kwamba mambo yameharibika.

Katika miaka miwili ya kupendana kwao, Nestory hakuwahi kuvuka kizingiti cha nyumba ya marehemu Mzee Jumbe pasipo kusimama nje na kuita hodi mara tatu, hata pale mlango ulipokuwa wazi na watu wakimwona. Leo alipita moja kwa moja mpaka uani, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akavua kofia yake ya kazi na kuishika kwa mikono miwili. Vumbi la chokaa lilimkaa kwenye nyusi. Shati lilikuwa lile lile la jana.

Hadiya alikuwa akikoroga uji. Akaiepua sufuria, akajifuta mikono kwa kanga, akamwangalia. Alikuwa ameyazoea macho ya mwanamume huyu, macho ya kumtazama kidogo kisha kukimbia kwa haya, na kila yalipokimbia moyo wake ulikuwa ukiyakimbilia. Leo hayakukimbia. Yalimtulia usoni, mekundu, yamechoka kabisa.

"Umelala wapi?" alimwuliza kwa sauti ya chini.

"Sijalala. Nilikuwa hospitali na Chenge."

Sauti ya chini ndiyo iliyokuwa desturi ya nyumba ile siku hizo. Hatua chache kutoka pale walipokuwa, nyuma ya pazia la kijani la chumba cha uani, alikuwamo Bi Moza, mama yake Hadiya, naye alikuwa eda. Asiyejua mambo ya eda nimweleze. Mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mumewe hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki, hajipambi, wala haonani ana kwa ana na mwanamume asiye wa damu yake. Akiwa na la kusema na mtu wa nje, hulisema nyuma ya pazia. Bi Moza alikuwa amezitumikia siku zake zote kasoro tisa, kwa utii ambao hata majirani Wakristo walikuwa wakiusifu. Tabu ni kwamba nyumba aliyokuwa akizitumikia ndani yake ilikuwa na alama ya X nyekundu ukutani, na juma la saba lilikuwa linaingia tangu ipigwe alama hiyo.

Tetemeko lilikuja Jumatano moja saa nane mchana. Lilidumu muda wa mtu kusema Bismillahi na kuimaliza, na likauacha mtaa wao wa Mirongo, pale Mwanza, si Mirongo tena. Yale majumba ya zamani ya mawe na chokaa, yenye duka chini na watu juu, yalipasuka kuanzia kenchi hadi msingi. Manispaa ilituma wahandisi wenye ndoo za rangi, na kazi ya kubomoa ikapewa kampuni ya mtu binafsi, maana siku hizo karibu kila kazi ilikuwa inakwenda kwa watu binafsi. Nestory, aliyekuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo mwaka mmoja kabla, akapata usimamizi wa genge la watu kumi na sita wenye nyundo na mitaimbo. Watu wa Mirongo wakamwona anapita kila asubuhi na karatasi yake ya orodha. Nyumba ya Mzee Jumbe ilikuwa ya nne katika orodha ile. Kisha ikawa ya tisa, kisha ya kumi na tano. Sasa zote zilizokuwa mbele yake zilikuwa zimekwisha kulazwa chini, na yenyewe bado imesimama, imeegemezwa magogo upande wa barabarani kama mgonjwa aliyeshikwa kwapani.

"Anaendeleaje?" Hadiya aliuliza, ingawa aliogopa kujibiwa. Jana alasiri alisikia kishindo nje, akatoka mbio, akamkuta Chenge, mmoja wa genge la Nestory, amelala chini ya kipande cha ukuta wao, akiwa bado amelikumbatia gogo alilokuwa anataka kuongeza.

"Mguu umevunjika mahali pawili. Wamemfunga plasta mpaka kiunoni." Nestory aliizungusha kofia mikononi. "Ameniuliza swali moja tu. Aliniuliza, lile gogo tulikuwa tunaliweka la nini, nyumba si ya kubomoa? Mtu ana watoto wanne pale Igogo, ananiuliza vile, nami naangalia dirishani."

Hadiya alikaa chini kwenye kibao cha mbuzi. Alijua jibu la swali la Chenge, na alidhani kwamba Nestory analijua nusu tu.

Tuyaseme sasa, maana kuyaficha hakumsaidii mtu. Nestory alianza kuja kwenye nyumba ile kwa kisingizio cha saa. Mzee Jumbe alikuwa fundi saa, na kijana yule alikuwa na saa moja ya mkononi iliyokuwa ikiharibika kila Jumamosi, siku ambayo Hadiya ndiye aliyekaa mezani kupokea wateja. Mzee hakuwa mjinga. Siku moja aliigeuza ile saa, akamwambia mwenyewe kwamba ugonjwa wake haumo kwenye saa. Nestory akaleta wazee. Wakapokelewa kwa heshima, wakanywa chai, wakaambiwa kwamba akisilimu watazungumza. Bi Sabina, mamaye Nestory, mama wa kwaya huko Igogo, alipolisikia hilo akasema mwanawe akibadili dini asije kumzika. Basi pakakwama pale. Wapenzi wale wakabaki wanaonana machoni, barua zikipitia kwa Selina, fundi cherehani wa nyumba ya ng'ambo, kila upande ukingoja upande wa pili uchoke. Kisha Mzee Jumbe akafariki, na tetemeko likafuata.

Mjomba Nurdin, ndugu yake Bi Moza, aliandika kutoka Tabora alikokuwa akiuza mitumba. Barua yake ilikuwa fupi: siku dada yake atakapotoka kwenye nyumba hiyo, yeye na binti wahamie kwake, kwa kuwa Mwanza hawana tena mwanamume wa damu yao, na Hadiya tayari amepata mchumba huko, mtu wa dukani, mwenye heshima zake. Barua ilifika Jumanne. Jumanne hiyo hiyo Bi Moza alimtuma Hadiya kwa sheikh wa msikiti wa jirani akamwulize: mjane aliye eda, na nyumba ina ufa, afanyeje?

Sheikh alijibu bila kusita. Nafsi ni amana, alisema. Mama yako ahame leo, akamalizie eda mahali pa salama pamoja na maharimu wake, wanaume wa damu yake. Hadiya aliitikia, akashukuru, akatembea polepole kurudi nyumbani na barua ya mjomba imekunjwa ndani ya kanga. Mjomba ndiye maharimu pekee aliyebaki. Kuhama ni Tabora. Alipofika kwenye pazia la kijani, mama yake akamwuliza sheikh kasemaje, na Hadiya akasikia ulimi wake unasema: "Kasema uvumilie, mama. Zimebaki siku thelathini tu."

Alijidanganya kwamba ni muda mfupi. Eda ikiisha, mama atakuwa huru kupanga chumba popote na kujiamulia mwenyewe, na mjomba hatakuwa na la kusema. Siku thelathini si kitu, alijiambia. Na kila ulipodondoka udongo kutoka darini alikuwa akijiambia hivyo hivyo upya.

"Hadiya," Nestory alisema. "Ulipokwenda kwa sheikh, alikuambia nini?"

"Nilikwisha kukuambia."

"Niambie tena."

Alimtazama. Naye Nestory alikuwa akimtazama kwa huzuni ambayo hajawahi kumwona nayo, hata siku wazee wake waliporudishwa. Hapo akaelewa kwamba anapewa nafasi, na kwamba nafasi yenyewe ni ndogo.

"Umekwenda kwake," alisema.

"Nilipotoka hospitali nilikwenda nikasimama nje ya msikiti mpaka wakatoka kwenye sala ya alfajiri. Nilitaka kumsihi aje azungumze na mama, nimwambie ukuta hauwezi kungoja siku tisa. Nilikuwa tayari hata kupiga magoti. Akaniangalia kama mtu aliyepotea njia. Akasema, bwana, hilo nililiruhusu zamani, nilimwambia binti yake." Nestory aliikunja kofia. "Nikamwomba radhi. Sijui nilikuwa namwombea nani."

"Nilifanya kwa ajili yetu."

"Najua."

"Wangenipeleka Tabora. Ungenisahau."

"Sasa Chenge nimwambie nini?" aliuliza, na hakuuliza kwa ukali. Ingekuwa heri angekuwa mkali. "Niliwadanganya wakubwa wangu kwa orodha. Niliwadanganya wale watu kumi na sita. Nilisema moyoni, ni dini ya watu, na mimi nani niivunje dini ya mama wa Hadiya. Kila usiku naomba Mungu aushike ule ukuta. Nimechoka kumwomba Mungu anishikie ukuta, Hadiya. Leo tunabomoa."

"Nipe siku tisa. Tisa tu, Nestory. Mimi nitalala chumba hicho hicho, nikifa nife naye."

"Hapana."

"Unajua nikienda sirudi."

"Najua."

Aliyasema maneno hayo na machozi yakamtoka, yakapita kwenye vumbi la mashavu yake, wala hakuyafuta. Hadiya alitaka kuinuka amshike mkono. Alikuwa hajawahi kumshika mkono kwa zaidi ya kupokea saa. Hakuinuka.

"Mama aambiwe," Nestory alisema. "Wewe ndiye umwambie. Ukishindwa nitamwambia mimi, lakini itakuwa mbaya zaidi. Saa tatu watu wangu wanapanda juu kuanza na bati."

Kutoka nyuma ya pazia sauti ya Bi Moza iliuliza ni nani huyo. Nestory akasimama haraka, akajifuta uso kwa kofia.

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Nimesikia mambo ya yule kijana jana. Poleni sana. Hadiya mwanangu, hebu ingia, mbona unakaa nje na mgeni na uji unapoa?"

Njia ya mwongo ni fupi, tunasema, lakini siku ile, kutoka uani hadi pazia la kijani, Hadiya aliiona ndefu kuliko barabara ya kwenda Kigongo.

Bi Moza alikuwa ameketi juu ya mkeka, amejitanda kitambaa cheupe, tasbihi mkononi. Uso wake, uliokuwa wa kucheka sana zamani, ulikuwa umepungua kwa ndani. Juu ya kichwa chake ufa ulishuka kutoka darini mpaka usawa wa kitanda, mpana wa kuingiza kiganja, na mwenyewe alikuwa ameuziba kwa vipande vya kanga kuukuu ili baridi isipite. Hadiya alipiga magoti mbele yake.

"Mama. Siku ile uliponituma kwa sheikh."

"Naam."

"Hakusema uvumilie."

Vidole vya Bi Moza vilisimama kwenye tasbihi. "Alisemaje?"

"Alisema nafsi ni amana. Alisema uhame siku ile ile."

Nje mtu alikuwa anaburuta bati. Bi Moza alisikiliza mpaka sauti ile ikaisha.

"Ni siku ngapi leo?"

"Ishirini na moja."

"Ishirini na moja," mama alirudia taratibu. "Nimelala chini ya huu ufa siku ishirini na moja. Udongo unaniangukia machoni naamka, nasema Alhamdulillahi, Mola ananipima. Nilidhani namtii Mungu, Hadiya. Kumbe nilikuwa nakutii wewe."

Hadiya alijiandaa kwa kofi, kwa laana hata. Mikono ya mama yake ilibaki mapajani, na hilo lilimuumiza zaidi. Alianza kueleza mambo ya barua, ya mjomba, ya mchumba wa dukani, maneno yakawa yanagongana na kilio, mpaka Bi Moza akainua kiganja.

"Nani alikuambia mimi nimekubali mchumba wa Tabora?"

"Mjomba ameandika."

"Mjomba ameandika. Na mimi uliniuliza?"

Hakuwa amemwuliza. Katika siku zote zile, akimletea maji ya kutawadha asubuhi na jioni, akimkanda miguu, hakuwahi kumwuliza. Alikuwa ameogopa jibu kiasi cha kulitunga mwenyewe. Aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"Mhoja," Bi Moza aliita kwa sauti ya kupita pazia. "Bado upo?"

"Nipo, mama."

"Wewe ulijua?"

"Nimejua leo alfajiri."

"Na magogo yale yote?"

Nestory alijibu kutoka kule nje, akilitoa kila neno kwa tabu.

"Niliambiwa dini haikuruhusu, mama, nikaiheshimu. Lakini sitakudanganya. Nilijua nyumba ikilala chini Hadiya anaondoka. Dini yenu ilipokataa, mimi nilifurahi. Ndiyo maana Chenge yuko hospitali."

Bi Moza alifumba macho. Midomo yake ilicheza kidogo, labda dua, labda hesabu ya mambo anayotakiwa kuyabeba. Alipofumbua alikuwa ameamua.

Mjomba Nurdin alifika wakati huo huo. Alikuwa amekuja Mwanza siku mbili zilizopita, akapanga gesti karibu na stesheni, na kila asubuhi alikuwa akija kumbembeleza dada yake ahame, naye anamjibu kwamba sheikh amekataa. Akaikuta familia katika hali ile, binti kifudifudi, Mhoja amesimama uani kama mshitakiwa. Bi Moza alimwambia kwa maneno machache. Nurdin alikuwa mtu wa hasira za karibu, na zilimpanda. Alisema haya ndiyo matunda ya kuchanganyikana na watu wasio wa dini, kwamba mwanamke aliyeuza roho ya mama yake kwa ajili ya mwanamume atauza chochote, na kwamba jioni ya leo Hadiya anapanda treni, apende asipende, na Ijumaa anaolewa.

"Mimi nitapanda treni na wewe," Bi Moza alisema. "Huyu hapandi."

Hadiya aliinua uso.

"Dada, unasema nini?"

"Nimechoka, Nurdin, nisikilize mara moja. Nikimpeleka huyu Tabora nitakuwa nimepeleka kiwiliwili, na siku atakayokwenda kumdanganya mume wake atasema nilimfundisha mimi." Kisha akamgeukia Hadiya. "Ulitaka kubaki Mwanza. Baki. Utalala kwa Selina. Kila siku utampikia yule kijana mwenye mguu, umpelekee mwenyewe, umkabidhi mkononi, na utamwambia kwa kinywa chako kwa nini ukuta ulimwangukia. Siku atakapoweza kutembea, uje Tabora uniambie. Kabla ya hapo sitaki kukuona."

"Mama, nisamehe."

"Nitakusamehe. Si leo. Leo sina nguvu hiyo."

Nurdin alitoka kutafuta gari. Hadiya alifunga nguo za mama yake kwenye mashuka mawili, akakunja mkeka, akatoa msahafu na picha ya baba. Alifanya kila kitu taratibu, mwili wake wote ukiwa mzito, na katikati ya uzito huo, aibu iliyoje, kitu kidogo ndani yake kikawa kinaimba. Habebwi kwenda Tabora. Hakuna mchumba wa dukani. Ameachiwa Mwanza, na ndani ya Mwanza yumo Nestory. Alijichukia kwa kukisikia, lakini alikisikia.

Saa tatu kasorobo pikapu ilisimama barabarani. Genge lilikuwa limekwisha kuzungusha kamba kuizuia njia, na watu wake walikuwa wamejipanga na nyundo zao wakingoja amri. Pakatokea shida ambayo hakuna aliyeifikiria: kutoka mlangoni mpaka kwenye gari ni hatua thelathini za jua kali, mbele ya wanaume kumi na watano na wapita njia, na Bi Moza hakuwa ameonwa na mwanamume wa nje kwa miezi minne. Alifika kizingitini, amejifunika shuka jeupe mpaka usoni, akasita. Nurdin alianza kuwafokea watu waondoke.

Nestory alimwomba mjomba anyamaze kidogo. Akawageukia watu wake.

"Mama anatoka," alisema. "Geukeni."

Walitazamana. Wengi wao walikuwa Wasukuma wa vijijini, wengine Wajita na Wakerewe wa visiwani, na pengine hakuna hata mmoja aliyejua eda ni nini. Lakini walijua mfiwa. Mmoja akaweka nyundo yake chini na kugeukia ukuta wa duka la ng'ambo. Wa pili akafuata, kisha wote, wakavua kofia zao bila kuambiwa. Mwuza dagaa aliyekuwa akipita na ungo kichwani naye akageuka, akamgeuza na mwenzake. Nestory aligeuka wa mwisho.

Bi Moza akatembea. Hakuitazama nyumba wala hakuharakisha. Alipita katikati ya migongo ile, kandambili zake zikilia juu ya vifusi, mkono mmoja begani kwa Hadiya, na Hadiya aliusikia uzito wa mkono ule hatua zote thelathini. Kwenye gari aliuondoa. Akaingia, akajifunika sawasawa, akamwambia kaka yake waende.

Selina alikuwa amesimama mlangoni kwake, akilia kwa niaba ya mtaa mzima. Hadiya hakulia. Aliiangalia pikapu mpaka ikakata kona kuelekea stesheni, kisha akageuka kuyakabili yale yaliyobaki ya maisha yake.

Mtu mmoja alikohoa, na wanaume wakaanza kugeuka mmoja mmoja, wakavaa kofia, wakaokota nyundo na mitaimbo. Wakaulizana nani atapanda kwanza. Ngazi ikaegemezwa. Wote waligeuka isipokuwa Nestory. Yeye alibaki ameelekea ukuta wa duka, mikono nyuma, kama hakusikia kwamba gari limekwisha kuondoka.

Hadiya alimwendea. Kwa miaka miwili alikuwa akilingoja hili, kumwendea mwanamume huyu mchana kweupe, hakuna baba mlangoni, hakuna mjomba, hakuna barua ya kupitia kwa mtu. Alisimama nyuma yake, karibu kiasi cha kuona chokaa iliyokauka shingoni mwake.

"Nestory."

Mabega yake yalipanda, yakashuka. Nestory alikuwa amempa Hadiya majina mengi katika barua zake, majina mengine ya Kisukuma ambayo Selina alikataa kuyatafsiri kwa aibu, na Hadiya alikuwa ameyahifadhi yote.

"Nestory, nimebaki. Mama ameniacha."

"Nimesikia," alisema.

"Basi nitazame."

Alingoja. Juu ya paa msumari wa kwanza uling'oka kwa mlio mrefu, bati likainuka upande mmoja, na vumbi la miaka mingi likaanza kushuka juu ya vichwa vyao wote wawili. Nestory alinyoosha mkono pembeni bila kugeuza uso, akaiinua ile kamba juu ili mtu aweze kupita chini yake.

"Toka ndani ya kamba, dada," alisema. "Tumeanza kazi."

Hadiya akainama, akapita, akasimama upande wa wapita njia.